Betri Yenye Njaa

Gari langu linapokataa kuwaka asubuhi, jirani yangu hutoka nje na kikombe chake cha chai, akaegemea ukuta, akanitazama. Anafurahi. Katika mtaa wetu hapa Kindu mimi ndiye mtu wa vitabu, na hakuna kinachowaburudisha watu kama kumwona mtu wa vitabu ameinamia injini.

Mwezi uliopita ilikuwa hivyo tena. Betri ilikuwa mpya, lakini kila nilipoendesha mpaka sokoni na kurudi, kesho yake ilikuwa hoi. Fundi mmoja alikuja na kifaa chenye kioo, akakigusisha huku na huku, akasoma namba, akanishauri ninunue betri nyingine. Sikununua. Niliomba vijana wasukume gari mpaka likawaka, nikaacha injini iungurume, kisha nikavishika vile vishikio viwili vinavyobana waya kwenye vichwa vya betri, kwa vidole viwili, kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Kimoja kilikuwa baridi. Cha pili kilikuwa cha moto. Nikazima injini, nikakifungua, nikakisugua, nikakikaza, na tangu siku hiyo gari linawaka.

"Kumbe chuo kikuu banafundisha na hiyo!" jirani akasema, chai imempoa mkononi.

Sikujibu. Kukaa kimya wakati unasifiwa kwa jambo usilolistahili ni namna ya kusema uongo bila kuchosha ulimi, na mimi ni mzoefu. Ukweli ni kwamba chuo kikuu hakikunifundisha kushika betri. Nilifundishwa na mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, muuza sombe, yaani majani ya muhogo, kwa siku nne za wakati wa vita. Nikajifunza haraka kwa sababu nilikuwa karibu kumpoteza mke ambaye nilikuwa bado sijampata.

Miaka ile Kindu ilikuwa kisiwa kisicho na bahari. Treni ilikuwa imesimama, nyasi zimemea katikati ya reli. Barabara zilikuwa zimerudi porini zilikotoka. Wenye silaha walichukua kwanza magari yaliyotembea, kisha matairi ya yale yasiyotembea, kisha betri. Chumvi ilikuja kwa baiskeli, na sabuni hivyo hivyo, na habari pia, zikiwa zimechakaa njiani. Kitu kimoja tu kiliweza kutoka mjini upesi, nacho ni sauti. Ilitoka katika duka la mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kasuku, aliyekuwa na foni.

Foni ilikuwa redio ya kusemezana, kubwa kama debe la biskuti, na kipaza sauti chenye kifungo. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "a vu" ili mwenzako ajue ni zamu yake, unaachia, unasikiliza. Faragha haikuwepo. Watu walisubiri zamu wamekaa kwenye viroba vitupu, na kila msiba, kila ugomvi wa shamba na kila mimba vilipita masikioni mwa wote. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mpole, mwenye ndevu chache zilizotunzwa vizuri, asiyependa maneno ya kupoteza. Rafu zake zilikuwa tupu, lakini duka lilijaa watu tangu asubuhi.

Petroli haikuwepo, kwa hiyo betri ya foni tuliilisha kwa miguu. Baiskeli ilikuwa imesimamishwa juu ya chuma. Gurudumu lake la nyuma, lililovuliwa tairi, lilizungusha mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa lori, na mkanda ulizungusha dinamo ya gari. Sheria ya duka ilikuwa fupi: mwenye kutaka kusema, akanyage kwanza, mpaka jasho lifike kwenye kiwiko. Hatukupima kwa saa. Mwenye duka alitazama kiwiko chako, akitikisa kichwa unaendelea. Wazee na wajawazito walikanyagiwa na ndugu zao.

Mimi sikukanyaga kwa lazima. Vita vilinikuta nyumbani likizoni, nikiwa nimemaliza miaka mitatu ya fizikia, na mwenye duka aliposikia neno fizikia alinifanya mhandisi wa foni papo hapo. Malipo yangu yalikuwa kusema na mji wa Punia kila Jumapili bila kutoa jasho. Nilikanyaga tu kwa hiari, wakati wasichana wanapita.

Huko Punia alikuwepo msichana mmoja tuliyesoma naye. Baba yake alikuwa karani mstaafu wa mgodi, mtu wa saa na kalamu, na alikuwa amekubali kunisikiliza. Kwa desturi zetu mwanamume hajiombei mke. Wakubwa wake humwombea, naye huketi pembeni akitazama chini kama mwizi aliyetubu. Lakini baba yangu alikuwa amefariki, na wajomba wangu walikuwa upande wa Kibombo, njia imefungwa. Mzee wa Punia alilijua hilo. Akatuma neno kwamba kwa kuwa ni vita, nianze mwenyewe kwa kusalimu, Jumapili saa nne asubuhi, wakubwa watafuata watakapopatikana.

Jumapili ya kwanza nilivaa shati jeupe, kana kwamba foni ina macho. Nikabonyeza kifungo.

"Jambo yako, Baba. Mimi ni yule..."

Taa nyekundu ya foni ikazima. Nilipoachia kifungo ikarudi, na sauti ya mzee ikaja safi kabisa: "Yule nani? Kindu, yule nani? A vu." Nikabonyeza, ikazima. Nikaachia, ikawaka. "Yule nani?"

Jumapili ya pili nilimsikia tangu mwanzo mpaka mwisho. Hilo ndilo lililoniua. Kusikia tulisikia, ila kusema kulihitaji nguvu kubwa zaidi, na betri haikuwa nayo. Aliita mara sita. "Kindu, Kindu, Punia inaita." Kila nilipobonyeza, giza. Mwishowe alimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, akiwa amesahau kuachia kifungo: "Hawa watu hawana kinywa."

Jumatano mwendesha baiskeli mmoja aliyetoka Punia na gunia la mchele alileta ujumbe. Mzee atakuja kwenye foni Jumapili ya tatu, na ya mwisho. Kuna mnunuzi wa madini pale pale Punia, ambaye tayari amekuja nyumbani na wajomba zake wawili, na kinywa chake kiko karibu. Pamoja na ujumbe huo kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa kidogo sana, maandishi ya msichana: "Tengeneza hiyo kitu."

Nikaitengeneza kwa njia niliyoijua, yaani kwa kuieleza. Nilichukua kaa, nikachora betri kwenye ukuta wa duka, vyumba sita, bamba za risasi, mishale ya kwenda na kurudi. Nikahitimisha kwamba bamba zimechoka, betri inakufa, na dawa pekee ni kuiongezea asidi. Mwenye duka alikuwa na chupa ya asidi iliyotolewa kwenye betri mfu. Aliishika mkononi, akautazama mchoro wangu kwa heshima, kisha akasema:

"Mwanangu, kabla ya kumupasua mugonjwa, tumuambie kwanza jamaa yake."

Jamaa wa betri alikuwa yule mama wa Alunguli. Mumewe alikuwa dereva wa lori, kamio kwa kusema kwetu, kati ya Kindu na Bukavu, mpaka alipofariki. Wenye silaha walipoanza kukusanya betri, mama alizika ya kwake shambani ndani ya beseni lenye kifuniko, akapanda muhogo juu. Mambo yalipotulia kidogo aliifukua, akamwazima mwenye duka. Hakutaka kitu. Alisema betri isiyofanya kazi inakufa kama mguu wa mtu anayekaa tu.

Alhamisi nikavuka mto kwa mtumbwi. Nilimkuta anachuma sombe, mwanamke mnene wa miaka kama arobaini na mitano, kofia ya udereva ya mumewe kichwani.

"Mama, nimetumwa kuhusu betri yako. Imekufa."

"Pole. Ilifia mu mikono ya nani?"

"Ya... sisi wote, Mama."

"Sisi wote haina mikono." Akaendelea kuchuma. "Weye njo yule musomi?"

Nikakiri. Nikamweleza juu ya bamba na mishale. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga fungu la sombe kwa uzi wa mgomba.

"Bwana yangu, Mungu amurehemu, alijua kuendesha," alisema. "Miye nilijua kwa nini kamio haitembei. Miaka kumi na mbili nililala na yeye mu njia, yeye anakunywa, miye natengeneza. Ngoja nichukue vyombo."

Vyombo vyake viliingia vyote katika kopo la maziwa ya unga. Taa ndogo ya gari yenye nyaya mbili, kisu, kipande cha msasa, na mrija wa kalamu ya bei rahisi, uliozibwa kwa nta pande zote mbili, wenye risasi chache za gobore chini na nyuzi tano zimefungwa kuuzunguka kama pete.

Dukani hakuitazama betri. Aliwasalimu watu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, akakaa.

"Nani aliigusa mwisho?"

Watu walinitazama. Mimi nikatazama mchoro wangu ukutani.

"Aya, musomi. Panda."

Nikapanda baiskeli, nikakanyaga. Alikaa kando yangu anavunja karanga.

"Unachoka?"

"Hata kidogo, Mama. Nimezoea. Wiki hizi tatu nimepata nguvu sana." Na kweli, nilikuwa nimeona fahari juu ya jambo hilo. Watu wote wa foleni walikuwa wamenisifu kwamba tangu mhandisi aishughulikie mashine, imekuwa laini, hata mabibi wanaikanyaga huku wakisuka mikeka.

Akaacha kuvunja karanga. "Baiskeli iko nyepesi tangu lini?"

"Wiki tatu."

Akamgeukia mwenye duka. "Na betri iligonjwa tangu lini?"

Mwenye duka alihesabu kwa vidole, kama anayevuta tasbihi. "Wiki tatu," alisema polepole.

Nilikuwa nimeandika mtihani juu ya jambo hilo. Nilipata alama nzuri. Dinamo inayotoa umeme inakuwa nzito, kwa sababu umeme hautoki bure: kile kinachoingia kwenye betri kimetoka miguuni mwako. Dinamo ikizunguka kama pangaboi la mtoto, maana yake hakuna kinachotoka. Hayo yote niliyajua, kwa Kifaransa, pamoja na alama za Kigiriki. Miguu yangu iliniambia kila siku kwamba betri hailishwi, nami nikaielewa kama habari za misuli yangu.

"Miguu ilikuwa inakusemesha," mama alisema. "Weye ukasema njo nguvu."

Duka zima lilicheka. Nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Kisha akafungua vifuniko sita vya betri, akatumbukiza ule mrija wa kalamu katika chumba cha kwanza. Ulizama mpaka uzi wa tano, wa juu kabisa. Akaufuta, akautia cha pili: uzi wa tano. Cha tatu, cha nne, mpaka cha sita, mahali pale pale. Alinieleza bila kugeuka. Betri ikishiba, maji yake yanakuwa mazito, mrija unaelea juu. Ikiwa na njaa, maji yanakuwa mepesi, mrija unazama. Kama chumba kimoja kingekuwa tofauti na vingine, hapo tungelia, maana chumba hicho kimekufa na hakuna wa kukifufua. Lakini vyote sita vimezama sawasawa, kama watoto wa nyumba moja.

"Haiko mugonjwa," alisema. "Iko na njaa. Chakula kinapotea mu njia."

Mwenye duka akainua chupa ya asidi, kwa kuuliza tu.

"Ee Mungu. Muntu iko na njaa, unamupa chumvi? Maji njo inapunguka; asidi inabakia. Ficha hiyo chupa pahali musomi hataiona."

Nimekaa tangu wakati ule na maprofesa wengi, wengine mabingwa kweli. Ni wachache niliowaona wakianza kwa kuuliza nani aligusa mwisho, kisha wapi panauma, kisha ndipo wafungue. Mama yule alikuwa na utaratibu ambao mimi ningeuita mbinu ya sayansi, yeye akauita kutokuwa na haraka. Bado yuko Alunguli. Ana sola mbili juu ya paa, na vijana wenye pikipiki humletea betri zao. Akiona mtu amekuja na jibu tayari kichwani, anampa kwanza kiti na karanga.

Siku ile aliniambia niendelee kukanyaga. Akagusisha nyaya za taa yake kwenye dinamo: taa ikawaka nyeupe. Dinamo ni nzima. Akaufuata waya kwa kidole, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wake juu ya betri, kwenye kishikio cha chuma kinachokumbatia kichwa cha risasi. Akagusisha taa kwenye kishikio: nyeupe. Akaisogeza unene wa kidole kimoja, kutoka kwenye kishikio mpaka kwenye kichwa chenyewe cha betri. Taa ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa.

"Njo hapa," alisema. "Chakula kinafika mulangoni, mulango umefungwa."

Alilegeza kishikio. Kilitoka kwa shida, kikivuta uzi mweusi unaonata kama ulimbo. Akautia puani. Watu walisogea. Akanusa tena, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekutana na jamaa mahali asipotarajia.

"Mawese."

Akakigeuza kishikio, watu wote wakione.

"Nani alipaka betri yangu mawese?"

Ningeweza kuendelea kutazama ukuta. Lakini mchoro ule ulikuwa wangu, na kila mtu alijua. Nikashuka kwenye baiskeli.

"Ni mimi, Mama."

Nilikuwa nimeona unga mweupe kwenye vichwa vya betri, na nilikumbuka kusoma kwamba vinapaswa kupakwa grisi visiliwe. Grisi haikuwepo Kindu nzima. Mawese yalikuwepo, hata vita havikuyamaliza. Basi nilifungua vishikio, nikapaka ndani na nje, kwa ukarimu, kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga, nikavirudisha na kuvikaza vizuri juu ya mafuta. Asubuhi za baridi mawese yaliganda. Mchana yalichacha pamoja na asidi. Baada ya siku chache kati ya kishikio na kichwa cha betri kulikuwa na kitu kisicho mafuta wala sabuni, kisichopitisha chochote. Nadhani hilo ni kosa ambalo lisingewezekana mahali pengine popote: linataka mtu aliyesoma kidogo, katika mji wenye mawese mengi.

Nilingoja anitukane. Alinipa kisu.

"Wazo lako haliko mubaya," alisema. "Mawese njo ya kupaka. Lakini unakaza kwanza, chuma na chuma bikutane, kisha unapaka inje. Weye ulifunika chungu mbele ya kutia unga. Kwanguwa."

Nikakwangua. Akaagiza majivu ya jikoni, akayakoroga na maji, akahakikisha vifuniko vyote sita vimefungwa, tone moja lisiingie ndani, kisha akaniacha nisugue. Unga mweupe ulitoa povu, ukatoweka. Nikapiga msasa mpaka risasi ikang'aa kama samaki. Tukakaza. Akachovya kidole chake kwenye mawese yale yale, akapaka nje tu, tabaka jembamba, kama mtu anayetia chumvi kwa hofu.

"Panda sasa."

Nilipanda, nikakanyaga, na baiskeli ikanikatalia. Ilikuwa nzito kama kupanda mlima na mfuko wa saruji. Zile nguvu zangu za wiki tatu ziliisha katika dakika ya kwanza. Foleni ilipiga makofi, kisha ikalalamika, maana kila mmoja alielewa sasa kiwiko chake kitamgharimu nini.

Betri yenye njaa haishibi kwa siku moja. Usiku wa Alhamisi ilipumzika, Ijumaa mvua ilinyesha, na mama akaweka beseni katikati ya uwanja, mbali na bati la paa. Maji ya kwanza aliyamwaga. Alisema yanaosha hewa. Yaliyofuata, safi, ndiyo aliyovinywesha vyumba sita, kidogo kidogo, mpaka bamba zikafunikwa. Tukakanyaga kwa zamu, Ijumaa na Jumamosi, foleni nzima, na mimi kuliko wote. Jumapili asubuhi mrija ulisimama kwenye uzi wa tatu.

"Nusu," alisema mama. Alikuwa amevuka mapema, kofia ile kichwani. "Itasema, lakini Baba wa Punia iko muntu ya kusema murefu. Itabidi mutu akanyage mu maneno."

Mwenye duka hakupenda. Kukanyaga wakati foni inasema kulileta mlio mbaya hewani, na yeye alikataza daima.

"Afazali kelele kuliko kimya," mama akamwambia. "Kimya amekwisha kusikia mara mbili."

Saa nne ilikuwa inakaribia. Nikauliza nani atakanyaga. Wote walinitazama. Nikauliza basi nani atasema. Nilimtazama mwenye duka. Akasema yeye si ukoo wangu, na mambo ya ndoa hayaanzwi kwa uongo. Mama wa Alunguli alipangusa mikono kwenye kitenge, akachukua kipaza sauti. Nikapanda baiskeli na shati langu jeupe.

"Punia, Punia. Kindu iko hapa. Unatupata? A vu."

Taa nyekundu ilitikisika. Haikuzima.

"Nakupata tano kwa tano," sauti ya mzee ikaja, ya mshangao, "lakini kuko mulio kama ya nyuki. Nani anasema? A vu."

"Shangazi wa kijana. A vu."

Nusura niteleze. Mwenye duka alitazama paa.

"Shangazi wa damu? A vu."

"Wa vita, Baba. Wa damu wako Kibombo, njia imefungwa. Mimi njo niko karibu. A vu."

Mzee alifikiri. Nilisikia anavyofikiri, foni ikikoroma. "Kwa nini Jumapili mbili hamukusema? A vu."

"Betri ilikuwa na njaa. Kijana wako aliifunga kinywa na mawese. Alipaka ndani pahali pa kupaka inje. A vu."

Foleni ilikanyagana kwa kicheko. Nilizidisha mwendo, kwa aibu, na taa ya foni ikang'aa.

"Huyo njo mutu wa université? A vu."

"Njo yeye. Baba, sikiliza. Nilimuonyesha kosa yake mbele ya watu wote. Akasema, ni mimi. Hakubisha, hakukasirika. Akasugua mwenyewe, tangu siku ine anakanyaga. Wanaume nilijua, nimezunguka na kamio miaka kumi na mbili. Wenye kusema 'ni mimi', sikujaza mukono. A vu."

Jasho lilikuwa limepita viwiko, linadondoka kwenye pedali. Taa ikaanza kufifia, na mama, bila kunitazama, akanipungia mkono wa kushoto: ongeza. Nikaongeza.

"Kindu," mzee akasema. "Huo mulio ya nyuki ni nini? A vu."

"Njo mukwe wako. A vu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilisikia mnyororo, mkanda, moyo wangu. Kisha: "Ngojeni. Nauliza mutoto yangu. Mwambie asisimame."

Sijui tulingoja kiasi gani. Foni ilikuwa wazi, ikileta upepo wa Punia, kuku wa mtu, mlango. Nilikanyaga nikitazama ile taa nyekundu, ikipanda na kushuka pamoja na magoti yangu. Mama alisimama ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine.

Sauti iliyokuja haikuwa ya mzee. Ilikuwa kavu kidogo, kama kawaida yake alipotaka kuficha kitu.

"Kindu. Baba anasema amekubali, wajomba watakuja njia ikifunguka. Mimi nilikubali kabla yake. Mwambieni ashuke. A vu."

Duka lililipuka kwa vigelegele. Mwenye duka alisema alhamdulillahi, kwa sauti, yeye asiyepoteza neno. Mama alijibu Punia kitu ambacho sikukisikia, akakaa chini kwenye kiroba, akavua kofia, akajipepea nayo.

Nami nikaacha mguu wa kulia uteremke, nikatafuta ardhi. Nyuma yangu mzee mmoja aliyengoja tangu alfajiri kusema na mwanawe aliyeko mji wa Kalima alinishika begani, akanirudisha kwenye kiti cha baiskeli.

"Ee bwana arusi, pongezi sana," alisema. "Lakini usishuke bado. Taa ingali inawaka."

Nikakanyaga mpaka Kalima ikapatikana.